Maswali ya wasomaji: Oili ya stelingi

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu stelingi za haidroliki, zile zenye pampu, mipira ya kupitishia oili na kikopo cha oili chini ya boneti. Majibu yameandikwa na mafundi wa safu hii.

Shikamooni mafundi. Naendesha Hiace ya dizeli ya mwaka 2007, gia za mkono, inabeba abiria kutwa. Oili ya stelingi imepungua. Duka la kwanza wamenipa chupa nyekundu iliyoandikwa ATF, nikakataa, maana hiyo ni ya gari la otomatiki. Duka la pili wamenipa ya rangi ya asali, imeandikwa tu kuwa ni ya pawa stelingi. Nimwage ipi? – Dereva, Mwanza

Marahaba. Duka la kwanza walikuwa sahihi. Pampu ya stelingi haina habari kama gia zako unabadilisha mwenyewe au zinajibadilisha. Toyota za haidroliki za miaka hiyo, Hiace na Prado zikiwemo, hutumia ATF ya aina ya Dexron II au III kwenye stelingi, na maneno hayo utayakuta kwenye mfuniko wa kikopo chenyewe au kwenye kitabu cha gari. Futa vumbi la mfuniko kwa kitambaa kabla ya kuufungua, kwanza ili uchanga usidondokee ndani, pili ili usome.

Jina la ATF ndilo linalowachanganya wengi. Oili hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya giaboksi otomatiki, lakini ni nyepesi, haitoi povu upesi na haili mpira wa sili za pampu na reki (ile sehemu inayosukuma magurudumu ya mbele yakate kona). Pampu haihitaji zaidi ya hapo.

Sasa angalia nyuma ya chupa. Dexron ni jina la General Motors, na kampuni hiyo iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo chupa halali ya leo itakuambia kwamba oili inafaa pale inapotakiwa Dexron III, basi. Ukiona chupa inajinadi kuwa na leseni mpya ya Dexron III, irudishe kwenye rafu. Dexron VI ni nyepesi zaidi: kwenye joto la nyuzi 100 mnato wake ni kama senti-stoki 6, wakati Dexron III huwa 7 na kitu. Ile ya Toyota inayoitwa WS ni nyepesi kuliko zote mbili. Pampu yenye kilomita laki tatu imekwisha kulika ndani, na ukiipa oili nyepesi inaanza kulia. Baki kwenye III.

Ile ya rangi ya asali hatuikatai moja kwa moja. Kama nyuma imetaja Dexron III au Toyota, itafanya kazi. Kama haikutaja kitu chochote zaidi ya kusema inafaa magari yote, muuzaji anakuomba ubahatishe na reki yako. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa tuiache kabisa, hata kama ni nyekundu. Rangi ni dawa tu inayotiwa kiwandani.

Kipimo: kikopo kina alama mbili, COLD na HOT. Gari lililolala usiku kucha hupimwa kwa COLD, gari lililotoka safari ya dakika ishirini hupimwa kwa HOT. Ukijaza gari la baridi hadi HOT, oili itatanuka ikipata moto na kutoka kwenye mfuniko, kisha utapoteza siku nzima ukitafuta uvujaji ambao haupo.

Lakini ndugu yetu, swali ambalo hukuuliza ndilo kubwa: oili ilikwenda wapi? Oili ya injini inaweza kuungua kidogo kidogo. Ya stelingi haina pa kuungulia. Ikipungua imevuja, na ukiishia kuongeza tu utakuwa unaongeza kila wiki. Osha eneo lote la pampu na mipira, likauke, washa injini, mtu azungushe usukani kutoka kona hadi kona huku wewe ukiangalia sehemu tatu. Ya kwanza ni pale mpira wa presha unapobanwa kwenye bomba la chuma, ndipo hupasuka kwanza. Ya pili ni shafti ya pampu nyuma ya puli; ukiona oili imerushwa mduara kwenye boneti na kando, sili ya shafti imekwisha. Ya tatu ni zile buti za mpira zenye mikunjo kwenye ncha mbili za reki. Legeza klipu ya ndani na uibonye kama unavyobonya chungwa. Ikitoka oili badala ya grisi kidogo, sili za reki zimekufa, na hapo hakuna chupa ya dukani itakayokusaidia.

Usipapase mpira wa presha kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Pampu ya gari dogo husukuma kwa presha ya karibu baa 70 hadi 100, na mchirizi mwembamba kwa presha hiyo unaingia kwenye ngozi kama sindano. Tumia kipande cha boksi.

Honda CR-V yangu ya 2004 inalia asubuhi, uuuu, kisha inanyamaza ikipata joto. Fundi amesema oili imezeeka, akanyonya ya kwenye kikopo na kuweka ATF nyekundu. Imezidi kulia. Je, pampu imekufa? – Mama Wawili, Nakuru

Pole mama. Kuna mambo mawili hapa na yote yanatibika kabla ya kugusa bei ya pampu.

Kwanza ATF. Tulilomwambia dereva wa Hiace hapo juu halikuhusu wewe. Honda wametengeneza oili yao ya stelingi, inaitwa Honda PSF, ina rangi hafifu ya manjano, na kitabu cha gari kinakataza ATF. Oili nyingine inaruhusiwa kwa dharura tu, mfano umekwama njiani, kisha mfumo mzima uoshwe. Sili za Honda na ATF hazipatani. Zikikaa nayo muda zinaanza kuvuja. Zipo pia oili za kampuni nyingine zilizoandikwa wazi kuwa zinakidhi Honda PSF, hizo hatuna ugomvi nazo.

Pili, mlio wa asubuhi wenyewe. Kwenye Honda za umri huo, kabla hujalaumu oili, tazama pale bomba la kuvuta linapoingia kwenye pampu. Kuna oringi moja hapo, yaani pete ya mpira ya kuziba. Ikikakamaa kwa joto la miaka, haivujishi oili kwa sababu upande huo pampu inavuta, haisukumi. Badala yake inanyonya hewa. Fungua mfuniko injini ikiwa imewaka: ukiona oili imejaa viputo vidogo kama soda iliyotikiswa, hewa inaingia. Oringi hiyo ni ndogo kuliko pete ya kidole na bei yake ni ya chai na mandazi, wakati watu wameuziwa pampu nzima kwa sababu yake. Boliti mbili, vuta bomba, toa oringi ya zamani kwa ncha butu isikwaruze chuma, paka mpya oili ya PSF, rudisha. Angalia na klipu za mpira unaotoka kwenye kikopo.

Kuosha mfumo. Tunalieleza kwa kirefu kwa sababu fundi wako alifanya nusu yake. Mfumo mzima wa gari kama lako una karibu lita moja, na kikopo peke yake kina theluthi hivi au zaidi kidogo. Tuseme kila unyonyaji unatoa asilimia 40. Mara ya kwanza inabaki 60 ya oili ya zamani, mara ya pili 36, ya tatu 22, ya nne 13. Njia hiyo ya kunyonya kikopo kwa bomba la sindano ni halali, mradi baada ya kila mara uwashe injini na kuzungusha usukani mara kadhaa ili oili ichanganyike, na urudie mara nne au tano. Kunyonya mara moja na kuondoka hakujaosha kitu. Kwako, ambako kuna oili isiyotakiwa, tungechagua njia ya mpira wa kurudishia.

Pandisha mbele kwa jeki, weka stendi, magurudumu yaning'inie. Kwenye kikopo kuna mipira miwili: mnene ni wa kwenda pampuni, mwembamba ni wa kurudi. Vua ule mwembamba, ziba chuchu ya kikopo kwa kofia ya mpira, na uelekeze mpira wenyewe kwenye chupa tupu ya lita mbili. Jaza kikopo. Injini ikiwa imezimwa, mtu azungushe usukani taratibu kutoka kona hadi kona, nawe uendelee kuongeza. Kikopo kisikauke hata mara moja. Kikikauka umeingiza hewa na kazi inaanza upya. Endelea hadi kinachotoka kiwe safi kama unachoweka. Andaa lita mbili za PSF. Chupa nyingi za Honda ni ndogo, mililita 350 hivi, kwa hiyo hesabu sita.

Wengine huwasha injini ili iende haraka. Itakwenda haraka kweli, pampu inamaliza kikopo kwa sekunde chache na hutakuwa na mkono wa tatu wa kuongeza. Zima.

Rudisha mpira, jaza, kisha toa hewa: injini bado imezimwa, zungusha kona hadi kona mara kumi na tano au ishirini. Ndipo uwashe, zungusha tena bila kukaa kwenye kona. Usukani ukifika mwisho na ukaushikilia pale, vali ya pampu inafunguka, oili inazunguka ndani kwa ndani na kuchemka. Sekunde tano zinatosha kuwa nyingi. Mwisho pima: angalia usawa wa oili injini ikiwa imewaka, zima, angalia tena. Ikipanda zaidi ya milimita 5, bado kuna hewa.

Kabla ya kufunga boneti, tazama ndani ya kikopo kwa tochi. Chini kuna wavu mwembamba. Ukiwa umeziba kwa tope jeusi, pampu inakabwa na italia hata ukiweka oili ya dhahabu. Vikopo vingi havifunguki kuusafisha, badilisha kikopo.

Kijana anayeniangalizia gari ameongeza mafuta ya breki kwenye kikopo cha stelingi ya Toyota Noah yangu ya zamani. Ameniambia mwenyewe, gari halijawashwa. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

Mshukuru kijana kwa kusema, kisha mfiche ufunguo. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si oili hata kidogo, ni jamii ya glaikoli, na mpira wa sili za stelingi haukutengenezwa kukutana nayo. Kwa kuwa injini haijazunguka, karibu yote bado yako kwenye kikopo. Nyonya yote, vua kikopo, kioshe kwa oili safi ya aina ile ile, mwaga, kisha osha mfumo kwa njia tuliyomweleza mama wa Nakuru. Kwa Toyota yako ya haidroliki ni Dexron III. Lita mbili, usibane.

Kama lingekuwa limeendeshwa wiki moja, tungekuambia uoshe mara mbili au tatu na ujiandae kwa sili za reki kuvuja miezi inayofuata.

Kinyume chake ni hatari zaidi, nasi tunataka kila mwenye gari alijue: ATF au oili ya stelingi ikiingia kwenye kikopo cha breki, gari lisiendeshwe hata kwenda gereji. Mpira wa breki huvimba ukikutana na oili hizo, pistoni zinakwama, breki zinashika zenyewe au zinapotea. Hapo si kuosha tu, mpira wote wa mfumo unabadilishwa, kuanzia silinda kuu hadi magurudumuni.

Chupa isiyo na jina ikiwa gereji na hujui ni nini, tia matone mawili kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta ya breki yanayeyuka na maji yanabaki bila mafuta juu. Oili inaelea.

Nina BMW E46. Gereji moja imeniwekea oili ya kijani ya Pentosin wakisema BMW zote zinatumia hiyo, nyingine inasema kwa joto la pwani ATF inatosha kwa gari lolote. Nani mkweli? – Bwana wa Mombasa

Hakuna. E46 nyingi zilitoka kiwandani na ATF, na mfuniko wake umeandikwa hivyo. BMW nyingine, hasa za baadaye kama E60, zina mfuniko ulioandikwa CHF 11S, na hizo ndizo za kijani. Fungua boneti, soma mfuniko wako. Tahadhari moja tu, gari lililonunuliwa mkono wa tatu linaweza kuwa limebadilishwa kikopo pamoja na mfuniko kutoka gari jingine. Hakikisha kwa kitabu au kwa namba ya chesi.

CHF ilitungwa ibaki nyepesi kwenye baridi kali, nyuzi 40 chini ya sifuri, na ndiyo maana mafundi wa pwani wanaidharau. Ni kweli baridi hiyo haitafika Likoni. Lakini mfumo uliobuniwa kwa CHF una vali na sili zilizopimwa kwa oili hiyo, na baridi ni sehemu moja tu ya hesabu. Volkswagen na Audi pia wana ya kijani, namba zake ni G 002 000 na G 004 000. Usiichanganye na LHM ya Citroën za zamani, nayo ni ya kijani lakini ni kitu kingine.

Kama yako mfuniko unasema ATF na tayari ina kijani, gari halitalipuka. Osha, weka Dexron III, maliza.

Fielder yangu ya 2008 usukani umekuwa mzito ghafla. Nimenunua lita ya oili ya stelingi, nimezunguka injini nzima sioni pa kuiweka. – Mwalimu, Tanga

Mwalimu, hapapo. Fielder na Axio za kizazi hicho, sawa na Vitz na Prius, husaidiwa na mota ya umeme, hazina oili. Rudisha chupa dukani kabla haijafunguliwa. Washa swichi na uangalie kwenye dashibodi: taa yenye herufi P/S au alama ya usukani ikibaki inawaka, kompyuta imezima msaada na imehifadhi msimbo wa kosa, isomwe kwa mashine. Kabla ya hapo pima betri. Mota ile inakula umeme mwingi, na betri dhaifu au nati ya terminali iliyolegea inatosha kuizima. Angalia fyuzi yake, na upepo wa matairi ya mbele.

Ipo jamii ya tatu inayowapoteza hata mafundi: Mazda Axela ya kizazi cha kwanza ina oili, lakini pampu yake inazungushwa na mota ya umeme badala ya belti. Hiyo oili inahitaji, ATF ya aina ya M-III au Dexron III.

Gari lilipita kwenye maji ya mafuriko Dar, sasa oili ya stelingi ina rangi ya waridi kama maziwa. Ni povu au maji? – Msomaji, Kinondoni

Liache lilale hadi asubuhi bila kuwashwa. Povu litapotea na oili itarudi nyekundu. Ikibaki na rangi ya maziwa, ni maji. Osha mara mbili, ya pili baada ya kuendesha siku mbili tatu, kwa sababu maji hujificha kwenye reki. Halafu dondosha tone la oili hiyo ya pili kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Doa safi jekundu, sawa. Chembe nyeusi ni mpira unaomeguka ndani ya hosi. Ukiona vumbi linalometa kama fedha, ni pampu inajisaga, na tunashauri uitoe kabla vumbi hilo halijafika kwenye vali za reki.